Sensa ya presha ya mafuta kwenye gari lililobadilishwa injini: ya kununua na pa kuifunga

Mwezi uliopita niliingiziwa gereji Toyota Mark II GX110 iliyovuliwa injini yake ya 1G-FE na kuvalishwa 1JZ-GTE, ile yenye tabo. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Mwenye gari alikuwa na lalamiko moja: tabo ikishaingia, kuanzia mizunguko 5,000 hivi, gari linakata pumzi. Plagi zilishabadilishwa, koili pia. Sensa ya presha ya mafuta ilikuwepo, na skrini ilionyesha presha nzuri, tena imezidi kidogo, kwa hiyo kila aliyeitazama akasema mafuta yapo. Nilifuata bomba kwa mkono toka kwenye reli (bomba linalogawia nozeli petroli) kurudi nyuma, nikaikuta sensa imefungwa kabla ya chujio. Chujio lilikuwa limeziba. Ile presha iliyozidi ilikuwa ya petroli iliyosongamana mlangoni, huku nozeli upande wa pili zina kiu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue sensa gani, namuuliza kwanza ataifunga wapi. Sensa inajua habari za pale ilipo tu.

Gari la kubadilishwa injini lina shida yake ya pekee: mfumo wake wa mafuta hauna baba mmoja. Tangi na mabomba ni ya GX110, reli na nozeli zimekuja na injini kutoka Japani, regulata (kifaa cha kushikilia presha) imetoka dukani, pampu kachagua fundi. Hakuna kiwanda kilichowahi kuvipima hivi vyote pamoja. Na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya asili ya 1JZ-GTE haisomi presha ya mafuta kabisa. Presha ikishuka, yenyewe inaendelea kufungua nozeli kwa muda uleule, hewa inakuwa nyingi na mafuta kidogo, injini inaanza kugonga, na pistoni zinaungua ukiwa bado unatafuta kosa kwenye plagi.

Mahali sahihi ni baada ya chujio na kabla ya regulata, ikiwezekana kwenye reli yenyewe. Kwenye 1JZ petroli inaingia reli upande mmoja na regulata iko mwisho wa njia, ikirudisha ziada tangini. Chochote utakachopima katikati ya hizo ncha mbili ndicho nozeli zinachokunywa. Ukipima kwenye bomba la kurudi tangini, baada ya regulata, utaona karibu sifuri siku zote.

Sasa sensa yenyewe. Regulata nyingi za kuongezea hupangwa bar 3, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa. Ukishaurudisha, presha ya mafuta inapanda na kushuka sawa na presha ya menifoldi, yaani ya hewa inayoingia injini. Tabo ikisukuma bar 1, reli inatakiwa isome bar 4; ikisukuma bar 1.5, isome 4.5. Kwa hiyo sensa ya bar 10, ile inayouzwa pia kama ya PSI 150, inakutosha na nafasi inabaki. Usiende juu zaidi kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Sensa yenye kosa la asilimia 1 hukosea kwa asilimia 1 ya kipimo chake chote: ya bar 10 itakosea kwa bar 0.1, ya bar 50 kwa bar 0.5, na bar 0.5 ndiyo tofauti ya injini nzima na injini iliyokufa. Nimeshaona pia mtu akichomoa sensa ya reli ya 1JZ-FSE, ile ya D4 inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, akaifunga kwenye GTE kwa sababu zote ni 1JZ. Ile imetengenezwa kwa presha ya bar 80 na kuendelea. Kwenye bar 3 haiamki.

Angalia na mpira wa ndani. Sensa ya oili si lazima ivumilie petroli. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya mafuta, yenye bodi ya chuma kisichoshika kutu na sili za Viton, mpira unaovumilia petroli.

Kuhusu uzi naomba uwe na subira, maana hapa ndipo magari yanapowaka moto. Sensa nyingi za kuongezea zina uzi wa 1/8 NPT, wa Kimarekani. Tundu la swichi ya oili kwenye injini za Kijapani ni 1/8 BSPT. Ukizishika mkononi ni mapacha. Lakini NPT ina nyuzi 27 kwa inchi, BSPT ina 28. Pembe ya uzi wa NPT ni digrii 60, ya BSPT 55. Ukiichanganya itaingia mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, kisha inakaza ghafla, nawe utadhani imekaa. Haijakaa, imekwama kwa kutafuna. Kwenye oili itakuchafulia injini, kwenye petroli itakuunguzia gari. Nunua geji ya nyuzi, ile yenye majani kama wembe, uweke jani kwenye uzi na uliangalie kwenye mwanga. Jani sahihi halipitishi mwanga. Kisha paka gundi ya majimaji ya kuzibia nyuzi inayovumilia petroli, ukiacha nyuzi mbili za mwanzo bila kupaka. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiilete karibu na mafuta: kipande kikikatika kinasafiri hadi kwenye nozeli. Na reli ya aluminiamu inapasuka ukikaza uzi wa kuchongoka kwa hasira, basi shika spana fupi.

Sipendi sensa inayoning'inia kwenye reli juu ya tii na elbo za shaba. Injini inatetemeka, sensa ina uzito, na shingo ya shaba inachoka kidogo kidogo mpaka siku inakatika ikiwa na bar 4 ndani. Ninachofanya ni kutoa mpira mfupi wa kusukwa kwa chuma kutoka kwenye reli hadi kwenye braketi iliyofungwa kwenye bodi, na sensa inakaa hapo, imetulia. Mpira huo unapunguza na mapigo ya nozeli, hasa kama uliondoa ile damperi (kituliza mapigo) ya asili kwenye reli. Baki upande wa menifoldi ya hewa. Tabo za 1JZ ziko upande wa pili wa injini na hakuna sababu ya kuvusha petroli kwenda huko. Na bomba la petroli lisiingie ndani ya gari hata kwa geji nzuri kiasi gani. Kinachoingia ndani ni waya.

Waya ni tatu: volti 5, ishara, na hasi. Hasi irudi kwenye pini ya hasi ya sensa ya kontroli boksi mpya, ile ya kuongezea inayosoma sensa hii, isifungwe kwenye bodi, la sivyo feni ikiwaka utaona presha inabadilika wakati haijabadilika. Sensa hizi kwa kawaida hutoa volti 0.5 kwenye sifuri na 4.5 kwenye mwisho wa kipimo, kwa hiyo ya bar 10 kwenye bar 3 inasoma volti 1.7. Pima kwa mita kabla hujaiamini skrini, kisha funga geji ya mshale kwa muda na uzilinganishe. Ukinunua sensa inayopima kuanzia ombwe, yaani inayohesabu na presha ya hewa ya nje, ikiwa tupu Dar itasoma karibu kilopaskali 101 na Nairobi kama 83. Usiisawazishe hapa ukaipeleka kule.

Kwenye rekodi ya kontroli boksi, toa presha ya menifoldi kwenye presha ya mafuta. Jibu libaki bar 3 kila mahali. Likishuka hadi 2.6, nozeli zinatoa mafuta pungufu kwa karibu asilimia 7, na hapo ndipo napanga kontroli boksi ikate nguvu yenyewe. Kwenye ile GX110 nilihamisha sensa, nikabadili chujio, na bado tofauti ilishuka hadi 2.7 juu kabisa. Mita kwenye pampu ilisoma volti 10.9 tu, umeme haukufika wote: waya ule mwembamba wa 1G. Waya mnene na relei mpya vikamaliza.

Kabla ya kuwasha, pampu ifanye kazi injini ikiwa imezimwa, kila kiungo kikiwa kimezungushiwa karatasi ya tishu, kizima moto miguuni. Subiri dakika kumi. Kisha rudia kesho yake asubuhi chuma kikiwa baridi, kwa sababu kuna viungo vinavyovuja wakati huo tu.