Dawa ya Crohn ikinisumbua, niiache?

Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, na wengi ninaowatundikia dripu wana ugonjwa wa Crohn uliokomaa. Ni mchochota (uvimbe wa ndani) wa kudumu unaoweza kushika popote kwenye njia ya chakula, kuanzia kinywani hadi kwenye tundu la haja kubwa, ingawa mara nyingi huvamia mwisho wa utumbo mwembamba. Hakuna dawa ya kuumaliza. Zipo za kuutuliza, nazo ni kali. Dripu huchukua kama saa mbili, na hapo ndipo maswali hutoka.

Sista, tangu nianze prednisoloni uso umekuwa duara na majirani wananipongeza kwa kunenepa. Nikiacha utarudi ulivyokuwa?

Utarudi. Lakini usiache leo, wala usiache peke yako.

Prednisoloni ni steroidi. Mwili hutengeneza homoni inayofanana nayo, kotisoli, kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukimeza vidonge kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hulala, maana kazi yao inafanywa na dawa. Ukikatiza ghafla, dawa haipo na tezi hazijaamka. Presha hushuka, mtu hutapika, huishiwa nguvu, na anaweza kufa. Nimempokea kijana aliyeletwa amebebwa, kumbe alikuwa ameacha vidonge siku chache kabla kwa sababu ya chunusi, na nyumbani hakumwambia mtu. Aliona aibu tu. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari.

Wakati huo, meza asubuhi baada ya kunywa uji. Ukimeza jioni, usingizi utaruka. Punguza chumvi. Njaa ya steroidi haina adabu, kwa hiyo usikae karibu na mandazi. Omba upimwe sukari na presha, na uulize kuhusu kalisi na vitamini D, kwa sababu dawa hii hula mifupa. Hasira za ghafla au huzuni nzito nazo hutokana na dawa. Waambie wa nyumbani mapema wasidhani umebadilika tabia.

Nawe una haki ya kuuliza jambo moja: steroidi ni za kuzima moto, si za kuishi nazo. Ukiona miezi inapita na dozi haishuki, muulize daktari ni dawa gani itafuata.

Azathioprini inanitia kichefuchefu. Nimeivumilia wiki mbili tu.

Kichefuchefu cha wiki za mwanzo ni cha kawaida na mara nyingi hupungua. Meza baada ya chakula, au muulize daktari kama unaweza kuigawa dozi. Ujue pia kwamba dawa hii hufanya kazi polepole, inaweza kuchukua miezi miwili, mitatu au zaidi, na wengi huikatia tamaa kabla haijaanza kusaidia.

Lakini maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, si kichefuchefu cha kawaida. Huenda kongosho limechochewa. Hapo usimeze kidonge kingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Usikose vipimo vya damu, hata ukijisikia mzima. Dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu au kuudhi ini bila wewe kuhisi chochote. Na kama una jongo, mwambie daktari. Alopurinoli, dawa ya jongo, ikichanganywa na azathioprini katika dozi ya kawaida inaweza kuzima kabisa uboho, unaotengeneza damu. Mchanganyiko huu ninauogopa kuliko mingine yote. Juani vaa kofia na mikono mirefu, ngozi nyeusi pia.

Nimepewa methotreksati. Ni ya kila siku?

Hapana! Ni mara moja kwa wiki. Chagua siku, iandike ukutani. Foliki asidi utameza siku nyingine, jinsi utakavyoelekezwa, nayo hupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu. Dawa hii huharibu mimba, kwa hiyo anayepanga kupata mtoto, mke au mume, aongee na daktari miezi kadhaa kabla.

Tumbo ndilo linaloniuma. Kwa nini mnanipiga picha ya kifua kabla ya dripu ya infliksimabu?

Kwa sababu ya kifua kikuu. Watu wengi Kenya wanabeba vijidudu vyake vimelala, na mwili umevizungushia ukuta. Protini inayosaidia kuushikilia ukuta huo ndiyo hiyo hiyo inayochochea mchochota wa Crohn, na infliksimabu huifunga. Utumbo unapona, lakini ukuta unaweza kubomoka.

Kwa hiyo tunakupima kwanza. Kipimo cha ngozi peke yake hakitoshi, maana chanjo ya kifua kikuu, BCG, anayopewa mtoto mchanga inaweza kukipotosha. Tukikuta vijidudu vimelala, utapewa dawa za kuvizuia, na dripu itasubiri. Najua kusubiri unaumwa ni kugumu. Tunapima pia homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Wengine huona wametukanwa, lakini hakuna anayekushuku.

Baada ya kuanza, kikohozi kisichoisha, jasho la usiku au kukonda, usisingizie vumbi la Thika Road wala baridi ya Julai. Njoo. Na kabla ya chanjo ya homa ya manjano ya safari, uliza kwanza, maana ni chanjo hai na haifai ukiwa kwenye dawa hizi.

Kwenye dripu yenyewe nitegemee nini?

Wengi husinzia. Ukianza kuwashwa, kifua kubana au pumzi kuwa fupi, sema papo hapo, usisubiri iishe. Tutaisimamisha, tutakupa dawa, na mara nyingi tunaendelea taratibu. Dozi za mwanzo ni siku ya kwanza, wiki ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Ukiruka miezi mingi, mwili unaweza kujenga kingamwili dhidi ya dawa, na ukirudi ikakugomea. Kibali cha bima kikichelewa au nauli ikikosekana, tupigie simu kabla ya tarehe kupita.

Maumivu yakizidi usiku, ninunue diklofenaki?

Hapana, wala ibuprofeni. Zinaweza kuuamsha ugonjwa. Parasetamoli ni salama zaidi.

Ni lini nisisubiri kliniki?

Joto la 38 au zaidi, mkanda wa jeshi, ngozi au macho kuwa manjano, kutokwa damu, tumbo kujaa na kuwa gumu. Steroidi huficha maumivu, kwa hiyo utumbo unaweza kutoboka na wewe ukahisi kama gesi tu. Andika majina ya dawa zako na dozi kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho. Daktari wa zamu ya usiku hakujui, na hicho ndicho kitu cha kwanza atakachokuuliza.