Mwalimu wa kwaya na mbwa wa buluu

Kazi yangu ni kufundisha kwaya hapa Kisumu: ya kanisa mwaka mzima, na za shule msimu wa tamasha la muziki ukikaribia. Katuni za watoto nilikuwa nazisikia tu kutoka chumba cha pili, na nyingi kwangu ni kelele. Mhusika akianguka, ngoma inalia. Akikimbia, kinanda nacho mbio. Muziki hauna la kusema, kazi yake ni kumfuata mtu nyuma. Basi siku moja napiga pasi shati la ibada, mpwa wangu ameshika simu, nikasikia muziki wa Beethoven, mtunzi wa kale wa Ujerumani.

Ilikuwa Bluey, katuni ya Australia ya Ludo Studio ya Brisbane, iliyoanza kuonyeshwa 2018. Familia ya mbwa: Bluey, mdogo wake Bingo, baba na mama. Kipindi kimoja ni kama dakika saba. Mtunzi mkuu wa muziki wake ni Joff Bush, na vipindi havigawani muziki mmoja wa kurudiarudia. Kila kimoja hutungiwa wake. Mwenye kujua gharama ya jambo hilo ataelewa kwa nini niliacha pasi.

Kipindi chenyewe ni kile cha baiskeli. Bluey kuiendesha kumemshinda, amenuna, ameketi bustanini na baba yake. Wanawatazama watoto wadogo nao wakihangaika: Bingo anataka maji ya bomba, mwingine anapambana na begi la mgongoni, mwingine hafikii vyuma vya kuning'inia. Chini yake unapita ule uitwao "Wimbo wa Furaha", kutoka simfoni ya tisa ya Beethoven, ya mwaka 1824.

Uandike kwa sol-fa, yaani herufi za do, re, mi, fa, so, uone:

m m f s, s f m r, d d r m, m r r

Sauti inapanda ngazi moja, inashuka ngazi moja. Mruko mkubwa unakuja mwishoni mwa mstari wa tatu tu, inapodondoka kutoka r hadi s ya chini. Ndiyo maana kwaya ya watoto huushika wimbo huu kabla ya chai ya saa nne, na ndiyo maana unawafaa wale wadogo pale bustanini, ambao nao wanajaribu, wanarudi chini, wanajaribu tena. Bush hautoi wote mara moja. Anauanza mdogo, na ukubwa wake anauhifadhi hadi watoto wanapofaulu. Waimbaji wangu wa sauti ya tenor, ambao hupiga kelele tangu ubeti wa kwanza kisha wakaishiwa pumzi kwenye kiitikio, ningewafungia chumbani na kipindi hiki.

Kile cha usingizi ndicho kilinimaliza kabisa. Bingo anataka kulala kitandani kwake usiku kucha, na ndotoni anaelea kati ya sayari. Maneno ni machache sana, muziki ndio unaosimulia. Umejengwa juu ya "Mshtarii" (Jupita), utungo wa Gustav Holst, Mwingereza aliyeandika mfululizo wake wa sayari kati ya 1914 na 1916. Ule wimbo wa katikati, wa mapigo matatu, aliugeuza kuwa wa kuimbwa mwaka 1921, na wanakwaya wa Kianglikana wengi watautambua. Bingo anapolikaribia jua, okestra inafunguka yote, nawe tayari unajua jua hilo ni mama yake.

Mpwa wangu amechoka nami. "Mjomba, tunaangalia ama unafundisha?" Ni kweli huwa nasimamisha simu, narudisha nyuma, natafuta besi inaingia wapi.

Na ukitaka kuisikia besi hiyo, usitegemee spika ya simu, haiwezi kuitoa. Tafuta visikizi, hata vile vya bei ya chini vya barabarani Kondele, halafu anza na kipindi cha baiskeli.