Reli Kubwa ya Mafuta: Yanayosemwa Gerejini na Ukweli Wake

Mwenye gari la turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) anayetafuta spea za kuliongezea kasi jijini Nairobi hakosi kuambiwa kwamba akiondoa reli ya mafuta iliyokuja na gari na kufunga ya alumini yenye tundu pana, injini itaongeza nguvu. Dhana hii imewagharimu watu fedha nyingi. Reli ni bomba linalopokea petroli kutoka kwenye pampu na kuigawia injekta, yaani vifaa vinavyoipuliza kwenye injini, basi. Shinikizo hutunzwa na regyuleta, na muda ambao injekta hukaa wazi huamuliwa na kompyuta ya injini, kwa hiyo ikiwa pampu, injekta na kompyuta ni zilezile, kiasi cha petroli kinachoingia kwenye silinda hakibadiliki kwa sababu tu bomba limepanuka.

Wengine husisitiza kwamba reli ya kiwandani ni nyembamba mno, na kwamba silinda iliyo mwishoni hukosa mafuta. Tufanye hesabu. Injekta nne za sentimita za ujazo 550 kwa dakika, zikiwa wazi muda wote, hupitisha lita 2.2 kwa dakika. Kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, petroli hiyo husafiri kwa mwendo wa takriban sentimita 73 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole. Shinikizo linalopotea humo ni chini ya sehemu moja ya mia ya bar (kipimo cha shinikizo), ilhali injini nyingi za petroli za aina hii hutumia takriban bar 3. Silinda moja ikikosa mafuta, mahali pa kuangalia kwanza ni injekta iliyoziba; zikikosa zote, ni filta chafu, pampu iliyochoka au umeme hafifu unaoifikia pampu hiyo.

Je, reli kubwa haina kazi? Inayo, na hapa ndipo maelezo ya wauzaji wengi yanapopungua. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila injekta inayofuata mpangilio wa silinda yake hufunguka mara 50 kwa sekunde, na kwa silinda nne hiyo ni mipigo 200 kila sekunde. Kila mpigo hutikisa petroli iliyomo ndani ya reli, na kadiri injekta zinavyokuwa kubwa ndivyo mtikisiko unavyozidi, hadi injekta moja inaweza kufunguka wakati shinikizo limeshuka na nyingine wakati limepanda. Ujazo mkubwa wa petroli hutuliza mtikisiko huo. Lakini alumini nene ni ngumu, tofauti na bati jembamba la reli nyingi za kiwandani ambalo hunepa kidogo na kumeza sehemu ya mtikisiko. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari yana kifaa maalumu cha kutuliza mipigo ambacho fundi hukitupa pamoja na reli ya zamani. Anayefanya hivyo anaweza kuishia na mtikisiko mbaya kuliko aliouanza nao.

Kwa injini isiyo na turbo, hoja ya reli kubwa ni dhaifu zaidi hapa Nairobi, kwa kuwa mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 18. Injini hiyo huvuta hewa kidogo kuliko ikiwa Mombasa, na mahitaji yake ya petroli hupungua vilevile.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni kwamba reli ni reli, na fundi yeyote ataifunga. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hutumia reli ya shinikizo linaloweza kufika bar 200 au zaidi, na ya alumini ya kawaida haifai kabisa kuwekwa hapo. Hata kwenye mfumo wa kawaida, nimewahi kushika injekta ambayo kichujio chake kidogo kilikuwa kimejaa nyuzi nyeupe za tepu ya teflon, kwa sababu aliyefunga viungo alivizungushia tepu kana kwamba ni mabomba ya maji. Viungo vya AN, aina ya viungo vya kuunganisha mabomba ya mafuta, huzuia kuvuja kwa koni yenye pembe ya digrii 37 inayokutana chuma kwa chuma. Tepu haisaidii chochote pale, na vipande vyake husafiri hadi kwenye injekta.

Oringi mpya, yaani mipira ya duara inayozuia injekta kuvuja, zipakwe mafuta kidogo ya injini kabla ya kuingizwa, na bolti za reli zikishakazwa, kila injekta iweze kuzungushwa kwa vidole; isiyozunguka imebanwa upande, na oringi yake huenda imekatika. Kisha ufunguo uwashwe bila kupiga stata, pampu ijaze mfumo, na fundi apitishe kitambaa kikavu chini ya kila kiungo na kila injekta. Kitambaa kikitoka na unyevu au harufu ya petroli, injini isiwashwe, kwa maana mifumo ya turbo na ekzosi yenye joto kali iko karibu sana na mahali petroli hiyo itakapodondokea.