Je, wajua kwa nini mtu aliyechorwa na kompyuta anaweza kukutoa jasho?

Chukulia mtoto wa darasa la tano skuli moja ya Wete, Pemba, kavalishwa ile miwani mikubwa ya VR, inayomfanya mtu aone kama yumo ndani ya picha ya kompyuta, mbele yake kuna kitoto cha kike cha kidijitali kimekaa peke yake wakati wa mapumziko, wenzake wamekitenga. Anajua fika yule kachorwa tu, lakini utamwona ananyoosha mkono amshike bega, mkono unapita hewani. Kwa nini?

Ni kwa sababu macho na masikio yanatangulia, ile akili ya kusema "huyu si mtu" inafika imechelewa. Mwaka 2006 mtafiti Mel Slater na wenzake kule London waliwaweka watu 34 wamfundishe maneno mwanamke wa kompyuta, akikosea wampige shoti ya umeme, shoti yenyewe ya uongo kama alivyo yeye, na wote wakijua hapana anayeumia. Basi wale waliokuwa wakimwona na kumsikia akilalamika, moyo na jasho la ngozi vikaonesha wamepata dhiki kuliko wale waliowasiliana naye kwa maandishi tu, na wengine wakaacha kabla ya kumaliza!

Sasa walimu wa elimu ya hisia, yaani kujijua, kuzuia hasira, kumwelewa mwenzio, wanaitumia hiyo dhiki. Ubaoni mtoto ataimba "hasira hasara" vizuri sana halafu nje ya mlango anarusha ngumi. Ndani ya miwani anajaribu, akijibu vibaya mhusika analia, anarudia tena, na hapana wa kupeleka habari madrasa jioni, jambo ambalo kwa mtoto mwenye haya ni kubwa mno.

Ila yule mhusika hanuni siku tatu kama binamu yako, kwa hiyo mazoezi hayo peke yake hayatoshi. Miwani nayo inatia kizunguzungu picha ikichelewa kufata kichwa, na Meta, kampuni ya Facebook inayouza miwani hiyo, wenyewe miwani yao wanataka mtoto awe ametimiza miaka 10.

Lakini mie linalonikera zaidi ni maneno na vitendo wanavyopewa wahusika. Programu ya Marekani itamsifu mtoto kwa kumkazia macho mtu mzima anapomwomba radhi, sasa hebu akafanye hivyo kwa bibi yake Micheweni uone, ataambiwa hana adabu hata hiyo radhi haijasikilizwa.