Eti "nikishaacha ualimu ndo ntadarizi": dhana potofu zinazonichosha

Nafundisha watu wazima kudarizi hapa Dar, na wanafunzi wangu wengi ni walimu. Kuna ambao bado wako kazini, kuna ambao wameshaandika barua ya kuacha wanamalizia tu siku, na kuna sentensi moja naisikia kwao mpaka naweza kuimalizia kabla mtu hajafika katikati: "Dada, ngoja kwanza niache kazi, nikishatulia nyumbani ndo ntaanza ile krosi stichi yangu." Yaani kudarizi kwa misalaba midogo ya uzi. Jamani. Leo naandika yote kabisa, anayekuja na hiyo habari nimtumie hii asome.

Dhana: Muda utapatikana nikishaacha kazi.

Hautapatikana. Nimeona walimu wengi wakitoka kazini wakiwa na vitambaa, nyuzi, fremu, chati nzuri za kuprinti, na mwaka mzima unapita kitambaa bado kina mikunjo ya dukani. Sio uvivu. Shuleni una kengele, kipindi dakika 40, saa nne chai, una vipindi vya wazi unavyovijua toka ratiba imetoka, yaani siku yako imeshakatwa vipande na mtu mwingine na wewe kazi yako ni kuchagua kimoja tu. Nyumbani hakuna kengele. Halafu ndugu wote wanajua upo, fundi bomba akija wewe ndo wa kumfungulia, shangazi akiumwa wewe ndo wa kumpeleka hospitali, kamati ya harusi lazima uwe katibu kwa sababu mwalimu ana mwandiko mzuri, na ukisema nina kazi unaulizwa kazi gani na umeacha kazi? Ule muda uliokuwa unaungoja umeshagawiwa watu kabla hata hujaushika.

Nyuma ya hii dhana kuna nyingine ndo mbaya zaidi, kwamba kudarizi kunataka masaa marefu ya utulivu, nusu siku hivi, watoto wamelala, kazi za ndani zimeisha. Nani kawaambia? Msalaba mmoja ni kupandisha mkono mara mbili, umeisha, ukiitwa hapo hapo unaweka chini na hakuna kilichoharibika. Waangalieni wanawake wa Zanzibar na Lamu wanaoshona kofia za viua. Kofia moja inakula miezi, vile vitundu vidogo kila kimoja kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, na hakuna aliyewapa likizo ya kufanya hiyo kazi, wanashona wali ukiwa unakauka jikoni, wanashona barazani huku wanaongea. Mpaka kofia za wanaume wa Oman zina undugu na kofia hizo. Kazi zote hizo zimetoka kwenye vipande vya muda.

Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Ua la misalaba 60 kwa 60 kwenye Aida ya 14 (kitambaa cha miraba, 14 kwa kila inchi) linatoka kama sentimita 11 kila upande, linakaa vizuri kabisa kwenye kona ya kitambaa cha meza. Hiyo ni misalaba 3,600 kama umejaza miraba yote. Mtu wa kawaida akizoea anapiga miwili kwa dakika. Dakika 20 kwa siku ni misalaba 40, siku 90 ua limekwisha na muhula bado unaendelea. Sasa wewe unaniambia ungoje mpaka uache kazi.

Na ile notisi, siku unazomalizia kazini baada ya barua ya kuacha, ndo kipindi bora kuliko vyote, watu wanaichezea sana. Kwa anayelipwa kwa mwezi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, mkataba wako unaweza kudai zaidi, usome. Wengi siku hizo zinaishia kwenye kusahihisha na kukimbizana na makabidhiano wiki ya mwisho. Geuza. Wiki ya kwanza tu andaa makabidhiano, azimio la kazi umefika wapi, daftari la mahudhurio, vitabu vya stoo vilivyo mikononi mwako, orodhesha, msainishane, maliza. Wiki zinazobaki chagua wakati ule ule kila siku, mimi nasema chai ya saa nne, kunywa chai haraka halafu kaa na kitambaa. Ukitoka hapo nyumbani mwili utakuwa umeshazoea kwamba saa nne mkono unashika sindano, na kama hujauzoesha ukiwa na kengele hautauzoesha bila kengele, hapo sibishani na mtu.

Jumapili usiku tunga sindano zote za wiki. Hili nalisema mpaka wananitania lakini ndo siri yote. Uzi wa kudarizi una vijiuzi sita, chomoa kimoja tu, kata urefu wa mara mbili ya kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, kunja katikati, zile ncha mbili ndo uingize kwenye tundu, sindano iwe butu namba 24. Rangi tano, sindano tano, zichomeke kwenye kipande cha sponji ndani ya kopo dogo. Saa nne ukifungua kopo unadarizi, hutafuti mkasi, hukodoi macho kwenye tundu. Na unapoacha usimalizie mstari, chomeka sindano pale pale utakapoanzia kesho ili usihesabu upya. Ah, na chaki! Nawa mikono na ikauke, vumbi la chaki kwenye uzi mweusi linaufanya uonekane wa zamani kabla kazi haijaisha, na kalamu nyekundu ya kusahihishia isilale mfuko mmoja na Aida nyeupe. Kwenye kusimamia mtihani usidarizi, pale macho ni ya watoto.

Dhana: Nitaishi kwa kuuza kazi zangu.

Rudi kwenye lile ua. Misalaba 3,600 kwa miwili kwa dakika ni masaa 30. Ukijilipa shilingi 2,000 tu kwa saa ni 60,000, bado kitambaa, bado uzi, bado kufua na kupiga pasi, na mteja anakuuliza mbona ya mashine bei rahisi. Krosi stichi ya mkono haijazi pengo la mshahara, anayekwambia vingine anataka kukuuzia chati. Ukitaka hela, fundisha, maana hiyo ndo fani unayotoka nayo shuleni na hakuna wa kukunyang'anya, au darizi majina kwenye vitu vidogo vinavyoisha kwa siku moja, leso, mifuko, taulo za watoto wachanga. Lile ua kubwa weka sebuleni kwako.

Dhana: Inaharibu macho.

Inayachosha, haiyaharibu. Ukishavuka 40 lenzi ya jicho inaanza kukakamaa na vitu vya karibu vinakuwa na ukungu, hata kama hujawahi kushika sindano maisha yako yote. Kapimwe, vaa miwani ya kusomea, kaa dirishani mchana, kila baada ya muda inua macho uangalie mbali. Mwalimu aliyesahihisha madaftari kwa taa mbovu miaka yote bila kulalamika, krosi stichi ndo imekuwa mbaya?

Dhana: Chumvi na siki zinazuia uzi kuchuja.

Hapana. Uzi wa pamba uliokwisha tiwa rangi kiwandani hauponi kwa siki ya jikoni. Kama unachuja, unachuja tu. Kabla hujaanza lowanisha kipande, kibane kwenye kitambaa cheupe, acha kikauke, angalia. Nyekundu na nyeusi za bei ya chini usiziamini kabisa, na uzi wa cherehani usiulete kwenye Aida, ni mwembamba haujazi mraba.

Dhana: Nyuma lazima kuwe safi kama mbele.

Hii imewafanya watu wazima wafumue kazi nzuri usiku wa manane. Kama inaenda kwenye fremu ya ukutani hakuna mtu anayeiona nyuma. Ninachokataa ni mafundo tu, maana yanavimba mbele ukishapiga pasi. Ule uzi uliokunja katikati una kitanzi mwishoni, toa sindano mbele, rudisha nyuma, ipitishe ndani ya kitanzi, vuta taratibu, umeshika bila fundo. Kumalizia, ipitishe chini ya misalaba minne mitano upande wa nyuma, kata.