Mzuka wa Dirishani Hauhitaji Kioo cha Kujitazamia

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la nguo katikati ya Nairobi aliniomba nimpambie dirisha kwa ajili ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Alitaka wapita njia waone kiti kitupu, kisha waone mzuka umekikalia. Alipopitia orodha yangu ya vifaa aliguna: "Mbona sioni kioo cha kujitazamia?"

Hiyo ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na lugha yetu inailea, maana cha dirisha tunakiita kioo na cha kujitazamia vilevile. Mchezo huu, ambao mzuka wake ni sura ya kitu kilichofichwa pembeni, unataka cha dirisha. Cha kujitazamia huziba kilicho nyuma yake, na mzuka hauwezi kukalia kiti ambacho mtazamaji hakioni.

Watu hubisha kwamba kioo cha dirisha hakirudishi sura. Kinarudisha. Kila upande wake hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, kwa hiyo pande mbili ni karibu asilimia 8. Panda matatu usiku, ukae dirishani: utauona uso wako ukielea juu ya taa za Thika Road. Mchana kioo ni kilekile na kinarudisha kiasi kilekile, ila mwanga wa nje umeufunika uso wako. Ndiyo sababu dirisha letu halikuwa na maana mpaka jua lizame, kama saa kumi na mbili na robo jioni.

Basi nilisimamisha kioo cha milimita 4 kikiwa mshazari, nyuma yake kiti. Pembeni, ambako mtu wa nje haoni, nilimficha mwanasesere aliyevalishwa shuka jeupe, akikitazama kioo. Wengi hudhani nyuzi 45 za mshazari huo zina nguvu ya pekee. Zinarahisisha mpangilio tu. Kinachoamua ni vipimo: sura hutokea nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kimekaa mbele yake. Mwanzoni mwanasesere alikuwa sentimita 90 kutoka kwenye kioo na kiti sentimita 70, na mzuka ukaonekana umesimama nyuma ya kiti kama mhudumu wa hoteli. Nilimsogeza, akaketi. Kumbuka pia kwamba maandishi yoyote aliyovaa yatasomeka kinyume.

Dhana nyingine ni kwamba ukizima taa zote mzuka utajitokeza. Utatoweka! Mzuka wenyewe ni mwanga. Mwanasesere anataka taa kali, kiti taa hafifu, na kila kilicho nyuma ya mwanasesere kiwe cheusi. Mimi nilisahau kufunika ukuta, na soketi ya umeme ikaelea juu ya bega la mzuka mpaka nilipotundika kitambaa cheusi. Kisha tafuta swichi ya kupandisha na kushusha mwanga: mpandishie mwanasesere polepole huku unakishushia kiti. Hatua hii usiifanye kwa pupa, ndiyo inayomsimamisha mtu barabarani.

Kuhusu radi, kwa kuwa Oktoba ni mwanzo wa mvua za vuli na yule mama alitaka kukifunika kioo kwa leso kila mawingu yakitanda: kioo hakivuti radi.

Na tafadhali, hii si hologramu, yaani picha ya leza yenye kina, wala uvumbuzi wa juzi. Mwanasayansi John Henry Pepper aliionyesha London tarehe 24 Desemba 1862, akiboresha wazo la mhandisi Henry Dircks, ambalo lingehitaji kumbi za maonyesho zijengwe upya. Hata marehemu Tupac, yule mwanarap "aliyefufuka" jukwaani kwenye tamasha la Coachella, Marekani, mwaka 2012 aliletwa kwa kanuni hiyohiyo, kwa utando mwangavu badala ya kioo.

Jioni ya kwanza nilisimama nje ya duka na fundi aliyetukatia kioo kile. Mvulana mmoja aliyekuwa ameshikwa mkono na mamake alisimama ghafla, akabandika kiganja dirishani. Taa ya kiti ilishuka, ya mwanasesere ikapanda. "Mama, kuna mtu ameketi!" Mamake alipogeuka kutazama, ya mwanasesere ilikuwa imeshashuka tena, na kiti kilikuwa kitupu.