Gari la zamani: oili ibadilishwe kabla ya baridi au baada yake?

"Mwalimu, msimu gani unafaa kumwaga oili?" Swali hili huulizwa sana na watu wenye magari yaliyotimiza miaka 15, 20 na kuendelea, na wengi hutarajia nitaje mwezi. Sitaji mwezi. Huwarudishia maswali mawili: gari lako linakwenda umbali gani kila linapowashwa, na mwaka huu litasimama bila kutumika kwa muda gani? Majibu yao ndiyo yanayochagua msimu.

Desturi ya kubadilisha oili kwa kufuata majira haikuzuka bure. Zamani oili ilikuwa ya uzito mmoja; uzito hapa si kilo, ni ugumu wa oili kutiririka, unaoonyeshwa kwa namba za kipimo cha SAE. Baridi ikiingia mtu alitia nyepesi, kama SAE 10W au 20W, ili injini iweze kuzunguka asubuhi. Joto likirudi akaimwaga na kutia SAE 30 au 40. Oili za uzito mchanganyiko, zile za 10W-30, 15W-40 au 20W-50, zilianza kuenea miaka ya 1950, nazo zikaondoa ulazima huo. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha jinsi oili inavyostahimili baridi, na ile ya mwisho inaonyesha uzito wake ikifika nyuzi joto 100 za Selsiasi. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi hudhani 20W-50 huwa nzito zaidi inapopata moto. Hakuna oili ya namna hiyo. Kila oili hulainika ikipata joto. Tofauti ni kiasi inacholainika.

Basi ikiwa sababu ya uzito imekwisha, kwa nini bado nasema msimu una maana kwa gari la zamani? Ni kwa sababu ya maji na petroli vinavyoingia ndani ya oili.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, yakiwa mvuke. Mengi hutoka kwa bomba la moshi. Lakini kwenye injini iliyotembea sana ringi za pistoni zimelika, na sehemu ya gesi za mwako hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Zikikuta chuma cha baridi, mvuke wake hugeuka matone. Petroli nayo hushuka: injini ikiwa baridi hulishwa mafuta mengi kuliko kawaida, hasa ile ya kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa) yenye choki, yaani kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha, na yasiyoungua huosha kuta za silinda na kuteremka kuchanganyika na oili. Oili iliyochanganyika na petroli hupoteza uzito wake. Maji nayo yakikutana na mabaki ya mwako hufanya asidi. Oili mpya ina kemikali za kuiua asidi hiyo, ila kemikali hizo huisha kadiri zinavyotumika.

Injini ikipata moto sawasawa na kukaa na moto huo, sehemu kubwa ya maji na kiasi cha petroli huvukiza na kutolewa. Tatizo ni kwamba oili huchelewa kupata moto. Mshale wa joto ulio kwenye dashibodi unasoma maji ya kupoozea injini, hausomi oili. Maji yanaweza kuwa yamefika joto lake ilhali oili bado iko nyuma sana. Anayekwenda kilomita 3 kazini, akazima, na jioni akarudi kilomita 3, gari lake halijawahi kuikausha oili hata siku moja katika juma zima. Majira ya baridi hali hiyo huwa mbaya zaidi, kwa sababu injini huchukua muda mrefu zaidi kupata joto. Fungua kifuniko cha kujazia oili uone: mara nyingi utakuta utando mzito wa rangi ya maziwa yenye kahawa. Kama utando huo uko kwenye kifuniko tu, na maji ya rejeta hayapungui, kwa kawaida ni unyevu wa safari fupi. Lakini ukikuta rangi hiyo kwenye kijiti cha kupimia oili na maji ya rejeta yanapungua, usiliendeshe. Huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imevuja, na hilo ni la fundi, haliponywi kwa oili mpya.

Watu hulaumu sana mvua na unyevu wa hewa. Vina mchango wao, lakini ni mdogo. Maji mengi yaliyomo ndani ya oili yametengenezwa na injini yenyewe.

Sasa turudi kwenye yale maswali mawili.

Kama gari litalala miezi kadhaa, iwe kwa sababu ya baridi, safari au jambo lingine, badilisha oili kabla ya kuliegesha. Hapa sina shaka hata kidogo. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la mtu anayesema, "Nitatia mpya siku nitakayolitoa." Maana yake ni kwamba miezi yote hiyo beringi na vyuma vilivyong'arishwa vimelala ndani ya asidi na unyevu. Mwaga iliyochafuka, badilisha na filta, kisha liendeshe mpaka lipate moto kamili ili oili safi ifike kila pembe, ndipo ulizime. Na baada ya hapo uliache. Kuliwasha dakika tano kila wiki "lisilale" kunaongeza maji mapya ambayo hayapati muda wa kukauka. Ukitaka kuliamsha, liendeshe nusu saa au zaidi, la sivyo usiliguse.

Kama gari linatumika baridi nzima kwa safari fupifupi, na unaweza kubadilisha mara moja tu, mimi huchagua mwisho wa baridi. Wakati huo ndipo oili inapokuwa imebeba maji na petroli kuliko wakati wowote wa mwaka, na kuiacha iingie kwenye joto ikiwa hivyo ni kuiomba injini ifanye kazi ngumu kwa oili iliyochoka. Mafundi wengine hupendelea mwanzo wa baridi, nami nakubaliana nao katika hali mbili: kama oili iliyomo imekaribia kikomo chake, au kama ni nzito mno kwa baridi inayokuja na stata huzungusha injini kwa kusuasua. Mwenye uwezo wa mara mbili kwa mwaka, afanye mwanzo na mwisho. Kwa injini kuukuu hiyo si anasa.

Gari linalokwenda safari ndefu kila siku lina habari nyingine kabisa. Oili yake hukauka yenyewe, kwa hiyo msimu hauna neno kubwa, fuata kilomita. Kitabu cha gari ndicho chenye kauli, na ukisoma vizuri utakuta mara nyingi kimetenga ratiba fupi zaidi kwa matumizi magumu: safari fupi, vumbi, kuvuta mzigo, foleni. Kinapotaja kilomita na miezi pamoja, hesabu inayotangulia kufika ndiyo inayofuatwa.

Msimu wa joto una adui wake, nao ni upungufu wa oili. Injini iliyochakaa hula oili, na oili ikiwa moto hupita kwa urahisi zaidi kwenye ringi na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizokauka. Kiasi kilichobaki hubeba joto lote na kuharibika upesi. Pima kwa kijiti kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Usijaze kupita alama ya juu, kwani krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inaweza kuipiga oili ikatoa povu, na povu halilindi beringi. Tena, kuongeza si kubadilisha. Uchafu uliokuwamo bado umo.

Kuna tabia inayoniumiza: kutia oili nzito kupita kiasi ili kuficha moshi wa bluu. Moshi unaweza kupungua kweli, lakini kila asubuhi oili hiyo huchelewa kupanda hadi kwenye kemshafti, mhimili unaofungua vali, na katika sekunde hizo chuma husagana na chuma. Panda hatua moja tu ya uzito, tena ikiwa kitabu kinairuhusu kwa joto la mahali ulipo.

Siku ya kazi yenyewe, mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, uchafu ukiwa bado unaelea, lakini si ya moto wa kuunguza. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara. Weka washa mpya (kile kipete cha kuziba) kwenye boliti ya sampu, na hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini. Oili chafu ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa anayeishika mara kwa mara, hivyo vaa glavu na nawa kwa sabuni. Irudishe kwenye chombo chenye kifuniko na uipeleke inakopokelewa, isimwagwe ardhini wala mtaroni.

Usiku wa kwanza baada ya kubadilisha, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, lichomoe ulitazame: kama kuna doa jipya, mahali lilipo patakuonyesha kama linatoka kwenye boliti, kwenye filta, au kwenye sili ambayo unyevu wake ulikuwa umefichwa na uchafu wa zamani.